Nauli ya Teksi na Mkungu wa Mshare

Mume wangu alifariki Nairobi wakati ule mipaka ilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa. Alizikwa huko huko, haraka, na sisi wa Kilema tukapata habari kwa simu. Alikuwa fundi wa kushona viti vya magari. Alikwenda kule tukiwa bado vijana, akawa anarudi Krismasi na Pasaka, na katikati anatuma alichopata. Msiba tuliufanya nyumbani bila mwili. Majirani walikuja, tukasali rozari, wakatupa pole, wakaondoka. Sikulia sana. Sikujua nilie nikielekea upande gani.

Kwetu mtu huzikwa kwenye kihamba cha baba yake, shamba la ukoo, ndani ya migomba na kahawa iliyomlea. Akizikwa mbali na isiwezekane kumrudisha, ukoo wetu hutuma mtu akachote udongo juu ya kaburi lake. Udongo huo huletwa na kuzikwa pale ambapo angelala, kisha juu yake hupandwa isale, mmea ule wa majani marefu tunaoweka kwenye mipaka ya mashamba na makaburini. Mipaka ilipofunguliwa hatukuwa na nauli. Nauli ilipopatikana ng'ombe akaugua. Mambo yakaenda hivyo mpaka mwaka huu, mama mkwe wangu alipoanza kukataa chakula na kulala mchana. Siku moja aliniita jikoni.

"Nataka mwanangu aje kabla sijaondoka," alisema. "Wewe ndiye mke wake. Nenda wewe."

Sikuwahi kufika Nairobi. Nilisema nitakwenda.

Nauli ya basi kwenda na kurudi niliipata kwa maziwa na kwa kikundi chetu cha akina mama. Baada ya hapo ilibaki kidogo ya kuzungukia mjini. Binti yangu anakaa Soweto, hapa Moshi, na huenda Nairobi kuchukua nguo za kuuza. Alizitazama zile pesa kwenye kiganja changu, akasema zinatosha teksi moja ya uongo au mbili za ukweli.

"Teksi ya uongo ni ipi?"

"Ya mtu asiyejua bei. Na wewe hujui."

Yeye huita teksi kwa simu yake, bei ikaonekana kabla hajapanda. Simu yangu mimi ni ya vitufe, haiwezi kuita kitu zaidi ya mtu. Kwa hiyo alinifundisha kwa mdomo.

"Ukishuka kwenye basi usipande teksi iliyo mlangoni. Zile zinasubiri wageni. Tembea mpaka mahali ambapo madereva hawakuangalii tena. Bei muulize kwanza mtu asiye dereva, muuza karanga au askari wa duka. Usiingie kabla hamjakubaliana. Na usitabasamu."

"Kwa nini?"

"Mama, ukitabasamu umeongeza mia mbili. Ukisema unakwenda kaburini umeongeza mia tatu."

"Na wakiniuliza ninakokwenda?"

"Dunia nzima watu hudanganya kidogo."

Nilimwambia nitajaribu kunyamaza. Kudanganya sijui. Nikijaribu, masikio yangu yanapata moto na mtu anaona.

"La mwisho," alisema, "begi moja dogo. Mtu mwenye begi dogo anaweza kutembea, na mtu anayeweza kutembea hapangiwi bei."

Niliona kwamba hilo ndilo lililobeba mengine yote. Kama teksi ya kwanza ingenimalizia pesa, ningefika nyumbani kwa mama niliyekuwa namwendea, aliyekuwa jirani wa mume wangu kule, halafu makaburini nisifike, na ningerudi kwa mama mkwe na mikono mitupu.

Asubuhi ya safari nilifungua mlango nikakuta mkungu wa ndizi mshare umelazwa kibarazani. Ulikuwa mkubwa kuliko yote iliyokuwa kihambani mwaka huu, umefungwa vizuri kwa majani makavu ya mgomba. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni yake na fimbo yake.

"Mama, huu nitaubebaje?"

"Utakwenda kwa mtu aliyemfumba mwanangu macho, na huna kitu mkononi?"

"Ndizi Nairobi zipo."

"Zipo za kununua," alisema, kama anataja aibu ya watu.

Mtu wa mahali pengine angebishana. Mimi sikuweza, maana hata mimi ningeona haya. Yule mama, jirani wa mume wangu, ndiye aliyemhudumia alipougua, ndiye aliyetupigia simu, na ndiye pekee aliyejua kaburi lilipo. Kwetu huwezi kuingia nyumba ya namna hiyo ukasema asante ya mdomo tu. Basi nikaenda Nairobi na begi moja dogo, na mkungu mmoja ambao wanaume wawili walisaidiana kuupandisha kwenye basi. Binti yangu alipotuona stendi alishika kichwa.

"Mama, tulisema nini?"

"Mwulize bibi yako."

Mpakani afisa aliugonga mkungu kwa kalamu akauliza kama ni biashara. Nikamwambia ni wa msibani.

"Pole. Msiba wa lini?"

"Ni miaka kadhaa sasa."

Aliniangalia, akauangalia mkungu, akasema, "Mmechelewa kidogo," akaniruhusu kupita.

Nairobi tulishushwa katikati ya mji. Mkungu ulipotua chini madereva wa teksi walikuwa wameshafika. Nilikuwa nimejiandaa kunyamaza, lakini watu wamesimama mbele yangu na mimi sijawasalimia, nikashindwa.

"Habari za hapa?" nikasema.

Wakaangaliana. "Mathe anatusalimia," mmoja akawaambia wenzake. Mathe ndiyo mama kwa vijana wa kule. "Huyu ametoka Tanzania." Wakacheka, si kwa ubaya.

Nilimwonyesha huyo karatasi yenye jina la mtaa. Akasema mia nane.

Moyo wangu ukatulia kabisa. Kwetu mia nane hainunui hata mkate. Nikasema sawa, nikainama nishike mkungu, ndipo nikakumbuka kwamba shilingi yao ni nzito, moja hubeba nyingi za kwetu. Nikasimama tena.

"Hiyo sina, mwanangu."

"Leta mia saba. Hiyo ndizi itachafua gari."

"Imefungwa."

"Mathe, hiyo ndizi ni abiria. Inalipa."

Nilifuata mafundisho ya binti yangu. Nilianza kutembea niwaache madereva wa mlangoni, nikiuburuta mkungu kwa kamba, hatua chache, napumzika, hatua chache tena. Walinifuata bila haraka, kwa sababu walijua sitafika mbali. Nilijaribu basi la mjini, kondakta akautazama mkungu akafunga mlango. Nikafika mbele ya duka la viatu, nguvu zikaisha. Mlangoni alikaa askari wa duka, mzee.

"Shikamoo," nikamwambia.

Akageuka kutazama nyuma yake. "Ni mimi?"

"Ni wewe, baba."

"Marahaba," akasema taratibu, akainuka akanipa kiti chake cha plastiki. "Unauza hizo ndizi?"

"Siuzi. Nawapelekea watu."

Nikamweleza ninakokwenda na kwa nini. Nilimweleza yote, mambo yale binti yangu aliyonikataza. Nikamuuliza bei ya kweli ya teksi. Alinitajia, na hata hiyo ilikuwa kubwa kwangu.

"Shida si wewe," alisema. "Shida ni mzigo. Wewe na mzigo mtengane. Wewe unaweza kupanda basi la kule mtaani kwa pesa kidogo, linaanzia pale sokoni, na pale kituo cha mwanzo linakuwa tupu, hawawezi kukukatalia. Sasa mzigo ufike sokoni."

"Utafikaje?"

Alimpigia mluzi mtu mmoja aliyekuwa anapita na mkokoteni, mwanaume wa makamo, shati limelowa. "Umeshusha?" "Nimeshusha." "Unarudi soko?" "Narudi." Akanigeukia. "Anarudi tupu. Anayerudi tupu bei yake ni ndogo."

Ilikuwa ndogo kweli. Wakaulaza mkungu juu ya mkokoteni kwa urefu, wakaufunga kwa mpira. Yule mtu akashika mipini. Akaniambia nitembee nyuma, nimwangalizie usidokolewe.

Nilikuwa nimevaa kitenge cheusi. Nilisimama nyuma ya mkokoteni, ukaanza kwenda, nami nikaufuata.

Kwetu mjane hutembea nyuma ya jeneza. Kutoka mlangoni mpaka kaburini katikati ya migomba si mbali, lakini mwendo wake ni wa polepole, na watu husogea. Mimi mwendo huo sikuupata. Sasa miguu yangu iliushika yenyewe katikati ya mji nisioujua. Yule mtu alikuwa anasema "Pisha, pisha," na watu walipisha. Magari yalisimama tukavuka. Mwanaume mmoja kwenye kona alivua kofia tulipopita. Nadhani ni joto. Nilianza kulia, na sikujifuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa juu ya mkungu na mwingine umeshika begi. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mpaka leo nawashukuru watu wa mji ule kwa kutoniuliza.

Yule wa mkokoteni aligeuka mara moja akaniona.

"Mathe, umechoka? Tusimame?"

"Hapana."

"Basi nikaze mwendo tufike?"

"Usikaze, baba. Twende hivi hivi."

Akaenda hivyo hivyo, ingawa mtu wa mkokoteni hulipwa kwa kuwahi. Sokoni nilimlipa, kisha nikamwomba kisu chake nikamkatia chana moja ya ndizi. Alisema haijui hiyo ndizi, inapikwaje? Nikamweleza mtori, nyama na ndizi, mpaka ziwe laini, unaziponda. Alisikiliza kama mtu anayeelekezwa dawa. Basi la mtaani lilikuwa tupu kama mzee alivyosema, na mkungu ulikaa chini ya siti ya nyuma bila kulipishwa. Nilifika bila kupanda teksi hata moja.

Yule mama, jirani wa mume wangu, anauza chapati mbele ya chumba chake. Alinitambua kabla sijasema, kwa kitenge na kwa ndizi.

"Dada," alisema, "umekuja na shamba?"

Tulishikana, na tangu hapo nami nikamwita dada. Kisha akaenda kununua nyama, nami nikamenya mshare pale nje, tukapika mtori kwenye jiko lake la makaa. Wapangaji wenzake walikuja na vibakuli. Alitumia siku ile kunieleza yote niliyokuwa sijui, jinsi mume wangu alivyougua, alivyosema, nani alikuwepo. "Alikuwa anatusumbua na huu mtori," alisema. "Kila siku mtori, mtori. Tukamwambia basi pika. Akapika. Ulikuwa mbaya sana." Tulicheka wote wawili, nami nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kucheka akimtaja.

Nilimuuliza kuhusu makaburini. Akasema basi linaishia barabara kubwa, kutoka hapo ni mbali na si pazuri kwa wanawake wawili, lazima gari. Teksi ya kwenda, kusubiri na kurudi ingenimalizia nauli ya kunirudisha Moshi. Akaniambia ningoje. Akaniongoza mpaka nyumba ya pili, kwa mzee mwenye teksi, akagonga dirisha.

"Mzee, bado unapeleka watoto shule ile ya juu?"

"Kila asubuhi," sauti ikajibu.

"Ukiwashusha unarudi na nani?"

"Na upepo."

"Kesho utarudi na sisi. Utatupitisha makaburini. Huyu ni mke wa fundi."

"Fundi gani?"

"Wa viti."

Kisha sauti ikataja bei, dada akaipunguza, ikataja nyingine, dada akasema hiyo ni ya mafuta na soda, na wakakubaliana.

Asubuhi nilikaa mbele. Nyuma walijazana watoto wa shule na dada katikati yao, wakigombania penseli. Tukiwa njiani mzee alisema bila kunitazama, "Hicho kiti ulichokalia alishona yeye."

Nilipeleka vidole chini pembeni ya kiti. Kwenye kona mshono ulikuwa na mistari miwili, wa pili ukiwa karibu sana na wa kwanza, kama kwenye makochi aliyotushonea kule nyumbani. Hata wa makochi nilikuwa namwambia uzi mwingi hivyo wa nini.

"Haujaachia," mzee akasema.

"Ndivyo alivyokuwa," nikamjibu.

Watoto waliposhuka gari likawa letu. Kaburi lilikuwa na kibao cha bati chenye jina lake, rangi imeanza kubanduka. Dada alilikumbuka kwa sababu siku ile alisimama hapo peke yake na wachimbaji. Niling'oa majani. Nilipiga magoti nikasali, kisha nikamsalimia mume wangu kwa Kichagga na kumwambia mama yake amenituma. Udongo wa pale ni mweusi, unashikana mkononi. Nilichota kwa kijiko, nikaufunga kwa majani makavu niliyoyafungua kwenye mkungu, kisha nikaufunga ndani ya kanga.

Mzee wa teksi alikuwa amezima injini anasoma gazeti. Tuliporudi mtaani nilimpa pesa tuliyokubaliana. Hakuongeza ya kusubiri wala hakuniachia kwa huruma. Alihesabu, akaweka mfukoni, akasema pole. Nilimshukuru Mungu kwa mtu anayechukua kile alichosema.

Siku iliyofuata dada alinisindikiza kwenye basi langu kwa miguu na kwa basi la mjini, maana begi sasa lilikuwa dogo kweli. Madereva walikuwa palepale mlangoni. Yule wa mia nane alinikumbuka.

"Mathe, ndizi iko wapi?"

"Imeliwa."

"Na mimi hukuniachia?"

"Wewe ulisema ni abiria. Ameshuka."

Wenzake walimcheka, akacheka na yeye, akanibebea begi mpaka ndani ya basi. Hakutaka kitu.

Mpakani niliogopa. Safari hii alikuwa afisa mwingine, kijana, akanyoosha kidole kwenye kanga niliyoipakata. "Umebeba nini?"

Masikio yakaanza moto kabla sijafungua mdomo. "Udongo," nikasema.

"Udongo wa nini?"

"Wa kaburi la mume wangu. Mama yake anausubiri."

Alisema udongo haupiti. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyefundishwa hivyo, na bila shaka alifundishwa. Watu walikuwa nyuma yangu kwenye foleni, lakini sikuweza kuondoka. Nilisimama tu. Akamwita mwenzake, mwanamke wa umri wangu. Yule mama akaniuliza ni wapi nyumbani. Nikamwambia Kilema. Akafungua fundo la kanga, akafunua jani, akautazama ule udongo. Ulikuwa kidogo, kiasi cha viganja viwili. Alikaa akiutazama. Halafu akarudishia jani, akalifunga fundo mwenyewe, akalikaza kuliko nilivyokuwa nimelikaza mimi.

"Huu mimi nimeuona," akamwambia kijana. Kisha kwangu, "Usiufungue tena mpaka ufike."

Jina lake silijui. Namtaja kwenye sala kwa sura.

Nilifika Kilema jioni, mama mkwe akiwa macho, amekaa kibarazani. Walikuwa wamemwambia alale akakataa. Nilimwekea kanga mapajani. Alilifungua fundo kwa shida, akaingiza vidole kwenye udongo, akaunusa.

"Ni mweusi," nikamwambia, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri.

"Una rutuba?"

"Una rutuba, Mama."

Akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake shemeji yangu alichimba shimo dogo karibu na kaburi la baba yao, ndugu wakaja, padri akatuombea. Mama mkwe aliuweka udongo kwa mkono wake, mimi nikausaidia mkono, na isale likapandwa juu. Pesa iliyobaki ilitosha sukari na majani ya chai kwa waliokuja. Walikunywa, wakaondoka mmoja mmoja.

Mama mkwe hakutaka kuingia ndani. Aliomba aletewe kigoda, akaketi pale kwenye migomba. Nilipokwenda kumtazama nilimsikia anaongea kwa Kichagga, sauti ya chini lakini ya ukali, anamgombeza mwanawe, kwa nini amekaa huko siku zote hizo, kwa nini hakula vizuri, nani alimwambia afanye kazi mpaka usiku. Alikuwa na mengi. Nilirudi nyuma polepole asinisikie, nikachukua panga, nikaenda kukata majani ya ng'ombe.